Kijiti cha Mpira Kilichogoma Kutoka

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Kongowe hatujambo, ila bibi yako anachimba mihogo na kunisingizia uvivu. Wewe unayesomea udaktari wa meno umeuliza kwa nini jino langu la mbele, lililozibwa mzizi ujanani, bado linamenya muwa.

Nilikuwa fundi baiskeli, sura nzuri kukushinda, na wiki ile nilikuwa naenda kijiji cha Janga kuchumbia. Daktari mmoja mama, kule Kisarawe, alisafisha tundu la mzizi, akaingiza kijiti cha mpira cha kuzibia, kisha akakichomoa.

"Kimeingia, dokta! Ziba niondoke."

"Kimetoka kirahisi mno. Ndani pana nafasi, jino litaoza tena."

"Basi weka kinene, usukumize. Mpira naujua mimi!"

"Wa matairi, baba. Kinene sana hakitafika mwisho."

Akajaribu kilichozidi unene kidogo tu, akakivuta taratibu. Kikagoma. Akapiga picha, akaona kimefika mwisho wa mzizi, ndipo akaziba.

Mimi viraka vyangu vya baiskeli nilikuwa nabandika tu. Tangu siku ile nikawa navivuta kwanza, nione kama vimeshika.

Kule Janga nilicheka meno yote nje, bibi yako akakubali. Anadai alinihurumia tu. Mwongo huyo.

Babu yako mtanashati