Maziwa ya Safari

Jumapili, 20 Julai

Wamefika. Dada yangu Anisa na kijana wake Siyad, kutoka Uswidi, na masanduku ya kujaza chumba kizima. Tumelia mlangoni, tukacheka, nikapika chai mara mbili. Upepo wa Julai umefanya kazi yake, vumbi hadi ndani ya sukari. Siyad akauliza kama kuna kitu kinaungua. Hapana mwanangu, hii ni Isiolo tu.

Binti yangu Farhiya alimsalimia vizuri. "Salaam aleikum, aunty." Nikaona Anisa amemeza mate. Na ameze! Alimzaa, akamwacha akitambaa. Mama yetu, Mungu amrehemu, alimimina maziwa mlangoni mbele ya watu, akasema huyu sasa ni mtoto wangu mimi, Tiya. Na Anisa mwenyewe akaitikia: ni wake. Mimi ambaye sikujaliwa kuzaa. Kwetu mtoto akipewa amepewa. Haazimwi kama sufuria.

Mwezi wa tatu alinipigia simu, akasema likizo yao ya joto atakuja kumchukua. Nilinyamaza. Kisha nikamuuliza habari za baridi. Mborana yeyote angejua hiyo ni la, tena la yenye heshima. Basi hilo limekwisha, amekuja kututembelea. Ataondoka lini? Sijui. Mgeni haulizwi.

Jumanne, 22 Julai

Kioja! Saa sita mchana Anisa amebeba mkeka, akapita kivuli cha mwarobaini, akajilaza katikati ya ploti — juani! Mikono wazi. Jirani yangu Kagendo, anayeuza mboga pale kwa lango, akafikiri mtu ameanguka. Akaja mbio na jagi la maji.

Anisa anasema huko jua huonekana miezi michache tu. Likitoka, watu wazima wanaacha kazi wanalala kwenye nyasi, na mwenye kubaki ndani anaonekana mgonjwa. Msimu huo wanauita sommar. Sisi tunalikimbia tangu tuzaliwe.

Baadaye akamwambia Kagendo kwamba huko mtu hupiga simu kwanza kabla ya kuja. Kagendo akamtazama. "Nipige simu na nakuona kwa dirisha?"

Ijumaa, 25 Julai

Sikia hii. Huko, joto likifika, wenye nyumba nzuri za stima na mfereji wanazifunga. Wanaenda kukaa kwa kibanda msituni, hakuna stima, choo kiko nje, maji wanateka kwa ndoo. Eti wanapumzika! Kagendo: "Basi mimi napumzika tangu nizaliwe." Tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Farhiya hakucheka. Alikuwa anasikiliza, mdomo wazi. Akauliza kama karibu na hicho kibanda kuna maji ya kuogelea. Kuna ziwa, akasema Anisa, na watoto wanashinda ndani. Siyad hajagusa maziwa ya ngamia hata leo. Anasema yananuka moshi. Kibuyu nakifukiza mwenyewe, kama nilivyofundishwa na mama. Ni mtoto, hajui. Lakini imeniuma.

Jumatatu, 28 Julai

Farhiya amerudi kutoka shule akiwa na maswali. Mama, ni kweli huko jua linazama saa nne usiku? Watu wanalala na mwanga nje? Sasa wanajuaje Magharibi imefika? Nikamwambia akamuulize aunty wake. Aunty akasema simu itamwambia.

Itamwambia Farhiya! Si itawaambia watu wa huko. Nimelisikia hilo neno siku nzima.

Jumamosi, 2 Agosti

Shule zimefungwa. Asubuhi nimemmiminia Farhiya maziwa kama kila siku. Ameyasukuma. "Yananuka moshi."

Nimekunywa yake na yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Tulikuwa tunachagua mchele. Anisa, bila kuinua kichwa: tarehe kumi na nne tunaondoka, Farhiya aanze kuaga marafiki. Nikauliza, Farhiya aende wapi? Akashangaa — ameshangaa yeye! Si tuliongea mwezi wa tatu? Nikamwambia, Anisa, nilinyamaza. Akajibu: "Ndiyo. Ulinyamaza, nikakata tiketi."

Ya Allah. Dada yangu, tumbo moja, tumelala ngozi moja. Huko asiyesema la amekubali. Huko ukitaka kukataa unafungua mdomo, unakataa, mnakunywa kahawa. Hata hasira hakuna. Amesahau kabisa kwamba kuna mambo mtu hawezi kumwambia ndugu yake usoni. Au hajasahau. Hilo ndilo linaninyima raha. Labda anakumbuka vizuri sana na ameamua kuwa Mswidi siku moja tu, siku inayomfaa.

Pasipoti ya mtoto iko tayari. Kumbe ndio zile "safari za kununua vitenge" alizokuwa akienda na Farhiya tangu afike. Kwa serikali mama ni yeye. Mimi kwa serikali si mtu.

Na mimi, mjinga, nilifanya nini? Nilinyamaza tena. Nikaendelea kuchagua mchele.

Jumamosi, 9 Agosti

Roba amerudi kutoka mnada wa Garbatulla. Nilifikiri mume wangu atanguruma. Aligeuza kofia mikononi, akasema labda wazee wakae. Anisa akasema hana shida na wazee, wakae, lakini ndege haingoji wazee. Roba akanywa chai yake. Nje akaninong'oneza: mgeni akiwa chini ya paa lako utamwambiaje la?

Kagendo amechoka na sisi. "Si useme tu! Sisi Wameru tungeshasema mpaka Ngaremara wasikie." Kweli. Nimejaribu. Nimesimama mbele ya Anisa mara ngapi, na kila mara nauliza kama anataka chumvi.

Nina hasira. Hasira na adabu yangu, na chai yangu, na tabasamu hili nililolivaa kuanzia asubuhi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikuwa namsuka Farhiya. Akaniuliza akiwa kati ya magoti yangu, sikuona uso wake. "Aunty amesema nimwite mama. Sasa wewe nikuite nani?"

Nikamwambia atulie, nywele zinafunguka. Nimesuka nywele zile kwa nguvu mpaka amelia. Nikamfuta machozi. Nimeyafuta kwa leso yangu, nikajifuta yangu kwa leso ile ile.

Jumatano, 13 Agosti

Anisa amesema huko mtoto huulizwa. Ni haki yake. Sawa, akamwita mbele yetu sote, akamshika mikono kwa upole — sitamsingizia, kwa upole. Farhiya, unataka kwenda kuishi na sisi?

Mtoto alitazama mkeka. Akanyamaza. Kisha akamuuliza Siyad kama huko shuleni kuna paka.

"Mmeona," Anisa akasema, "hajakataa." Akamkumbatia, akaanza kulia kwa furaha.

Mimi ule ukimya naujua. Ni mimi niliyemfundisha! Lakini pia nimeyaona macho yake akisikia habari za ziwa. Mtoto anaweza kutaka vyote viwili. Kichwa kinaniuma. Nimefukiza kibuyu. Sijui kwa nini nimekifukiza.

Alhamisi, 14 Agosti

Gari liko langoni. Masanduku yameshaingia. Niko jikoni, mlango nimerudisha, naandika juu ya gunia la makaa.

Msafiri wa nyumba hii hatoki bila kunywa maziwa kutoka mkononi mwa mama. Anisa nimempa, amekunywa, amesema yana utamu wa zamani. Siyad ameonja, ameziba pua, amemeza. Mungu awafikishe salama, nimewaombea kwa moyo. Kikombe cha Farhiya kiko hapa mbele yangu, kitupu.

Amekuja mpaka mlangoni, na koti la baridi mkononi, katika joto hili. Hakuingia. Anisa anamwita aingie garini. Nawasikia wote kupitia bati.

— Siwezi kutoka. Mama hajanipa maziwa.

Mama, amesema. Nimeshika kibuyu. Nimekiweka chini.

Anisa amechungulia. Dada, mbona humpi? Tunachelewa. Nikamtazama, nikanyamaza. Akashusha pumzi, akarudi nje. Twende, mpenzi, hana neno.

— Amesema hapana, aunty.

— Hajasema kitu!

— Amesema.

Dereva anapiga honi. Hakuna mguu unaotembea, si wa kwenda, si wa kuja. Maziwa nimeyafunika, na simimini.