Chumvi kwenye Gumegume

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimeipata! Gumegume halisi, bunduki ya kale ya kuwashwa kwa jiwe, kutoka kwa Nzioki wa Thika. Babu ya baba yake aliipata kwa wafanyabiashara wa Pwani, akawapa pembe za ndovu. Mtutu mrefu, nyundo bado inauma jiwe lake. Tundu lake la baruti limezibwa – haiwezi kuua hata panya. Ninazo nyingine, lakini hii ni mama yao.

Nimeingia nyumbani Membley nikiimba. Mke wangu Maggie hata chai hakunipa. Eti hiyo kitu ilinunua watu, haiwezi kulala kwa nyumba yake. Nyumba YAKE! Nikamwambia ilinunua pembe. Akaniuliza, na hizo pembe zilibebwa na nani mpaka Pwani? Nikaenda kuoga.

Jumatano, 18 Juni

Nimetoka kazini nikakuta fellowship nzima ya maombi ya Maggie sebuleni, Benta wa kanisani akiongoza – na gumegume yangu katikati, ndani ya beseni ya nguo! Wanaimwagia maji ya chumvi kufukuza mapepo. Chumvi! Kwa chuma! Nilipoinyanyua, maji yalitoka kwa mtutu kama mfereji.

Nimewafukuza wote. Benta ameacha kiatu kimoja. Maggie anasema nimemwaibisha mbele ya watumishi wa Mungu. Siombi msamaha. Waombe wao!

Alhamisi, 19 Juni

Nyundo imeshika kutu. Maggie ameenda kwa dadake, huko Gatongora. Ameniachia neno kupitia kwa binti yetu Lynn: ni yeye ama bunduki. Sawa! Aende!

Jumapili, 22 Juni

Kutwa nzima nasugua kutu na kupaka mafuta. Kanisani sikuenda – niende kuangaliwa na Benta? Lynn amepiga: "Daddy, hiyo ni chuma tu. Mum analia." Na mimi je? Nani ameuliza kama mimi nalia?

Kabati lina unyevu. Nimeilaza kitandani, upande wa Maggie.

Sasa simu ya geti. Ni Wambua, soja wetu: "Mkubwa, madam amefika na bag yake. Anasema hashuki kwa gari mpaka nikuulize kama ile kitu bado iko. Nimwambie nini?"

Nimemwambia Wambua angoje. Bado anangoja, nasikia akihema kwa simu. Ningeweza kuivingirisha kwa shuka, niifiche kwa buti ya gari. Ningeweza hata kumpa Wambua aende nayo.

Lakini mafuta hayajakauka. Ukiisogeza sasa, inashika vumbi.