Eti Ilikuwa Dhahiri!

Jumatatu, 4 Machi
Wewe mtoto, hata wakikuita mheshimiwa huko ofisini, hapa kwangu nguo zinakunjwa! Mjukuu wangu karudi amenuna, kaacha kila kitu sakafuni. Kumbe ni rufaa aliyopewa aamue na wenzake. Kuna mama mkemia, kachukua dawa ya zamani ya maumivu ya viungo, kabadilisha sehemu moja ndogo ya kemikali yake, sasa haiunguzi tumbo. Kaomba hataza, yaani asiigwe. Kanyimwa — eti badiliko lilikuwa dhahiri, mtaalamu yeyote angelifanya. Waamuzi watatu. Wawili wameshasema dhahiri. Wa tatu ni huyu wangu, mgeni kazini, roho juu juu.
Nikamwambia, sehemu moja tu? Dhahiri! Kalale.
Kafungua faili lake tena. Adabu gani hiyo?

Jumatano, 6 Machi
Redio imegoma tangu jana. Nimeipiga makofi, nimeianika, nimeitia betri mpya. Wapi! Leo fundi kahamisha waya mmoja — ikaimba. Nikamwambia, hilo tu? Hata mimi ningelifanya!
Mjukuu kacheka mpaka kakaa chini. "Bibi, sasa jana makofi yalikuwa ya nini?"
Mtundu mkubwa! Nikamnyima chai. Baadaye nikampa, lakini bila sukari.
Kanieleza akinywa, huku amekunja uso. Vitabu vyote vya nyuma vilionya: sehemu ile isiguswe, dawa itaishiwa nguvu. Wataalamu wakaiogopa, wakahangaika na sehemu nyingine. Mama yule ndiye aliyeigusa. Sasa jibu liko mezani, eti kila mtu alikuwa analijua!
Nikaitazama redio yangu, nikamtilia sukari. Kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Mwenyekiti wao, mmoja wa wale wawili, kamwita mjukuu pembeni. Kwa upole, eti, "Mwanangu, bado uko kwenye majaribio ya kazi, usianze kwa kujitenga. Jumatatu tusaini pamoja." Akisaini, yule mama kakosa hataza kabisa, na wenye viwanda wataitengeneza dawa yake bila hata kumsalimia. Akikataa, wale wawili bado ni wengi, ila aandike sababu zake peke yake, mama apate cha kushika akienda mahakamani; na kazi yenyewe bado changa.
Nimemuuliza, unaogopa? Kasema, "Sana, Bibi."
Angalau hasemi uongo.
Sasa yuko mezani, kalamu mdomoni kama anayenyonya muwa. Karatasi nyeupe! Naenda kumwambia: toa hiyo kalamu mdomoni, anza na yale maonyo ya vitabu, na jina lako liwe kubwa kule chini. Andika!