Njia ya Ng'ombe na Miche ya Chuo

Kisaka,
Serengeti.
14 Agosti 2024

Mpendwa Kaka Selestine,

Shikamoo. Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu: ng'ombe hawakuingia wenyewe kwenye miche ya chuo chenu. Ni baba. Nilikuwa mwambani naanika mihogo, nikamwona anainua waya kwa fimbo, anawaswaga ndani. Mboje mchungaji alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi ya ng'ombe.

Sasa nikusalimu vizuri. Masomo yanaendaje huko Morogoro? Kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila vumbi tu.

Machi mlipokuja na mwalimu wenu, nyasi zilikuwa zimeziba njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Hata wewe uliisahau, umesoma sana shule za bweni. Mlipanda miche juu yake, mkaizungushia waya. Wazee walijua, ila mgeni aliyekuja na kitu mkononi hakatazwi mbele za watu. Wakapiga makofi, baba akapigwa picha ameshika mche. Hamkuuliza, hawakusema. Kiangazi kilipofika, mto ukawa upande wa pili wa waya wenu.

Lawama imemwangukia Mboje kwa kuwa ndiye mchungaji wetu, na ni mtu wa kuja. Kijiji kimemtaka ahame Jumamosi ya wiki ijayo. Jana baba alimwambia, "Vumilia, maneno yatapoa." Mboje akamjibu, "Yatapoa nikiwa wapi, mzee?" Baba akaenda kumwangalia ndama ambaye haumwi.

Nasikia mwalimu wenu ameandika kwamba watu wa huku hatujali mazingira. Mwambie arudi, aulize kwanza ng'ombe wanapita wapi, ndipo apande. Miti tunaitaka, mama anafuata kuni mbali. Na wewe mpigie mwenyekiti mapema, umwambie ukweli. Mimi kwenye mkutano sauti hainitoki, na simu ya hapa ni ya baba.

Barua hii nampa Agustina, anasafiri kesho kurudi chuoni. Nisalimie mama mdogo Eunice unayekaa kwake. Bibi Tabitha anakuombea. Mungu akutunze kwenye mitihani yako.

Nasikia viatu vya baba uani, anakuja mlangoni. Tangu asubuhi kila akipita naifunika karatasi hii kwa daftari la Kemia. Sasa nimeiacha wazi mezani. Akitaka kusoma, asome.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Gati