Nani Akushike, Baba?

Arusha,
Jumapili, baada ya ibada

Shikamoo, Tata.

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umelala, maana Mama aliniambia siku hizi unaota jua barazani mpaka likukimbize. Mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe? Usingizi unakuja? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanichokoza na mikono imechubuka kwa sabuni ya kufulia mashuka ya hoteli. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu na kutaja mazoezi, mtandao wa Mwaya unakatika ghafla. Nikipiga tena, Mama anaupata bila shida.

Nimekasirika, Baba. Nitajitahidi kuwa na adabu, lakini nimekasirika.

Usaili wa chuo cha fiziotherapia ni Alhamisi ijayo. Kila jioni nikitoka kazini, jirani yangu Bi Rehema, nesi mstaafu, ananikalisha jikoni kwake na kunihoji huku akichambua mchicha. Ni mkali. Nikijibu nikiangalia chini, anarudia swali. Nikileta maneno ya kukariri, anasema, "Hayo umeyasoma. Sasa nijibu." Nilikuwa naendelea vizuri mpaka Mama aliponipigia kunieleza ulivyoanguka.

Nimesimuliwa yote, kwa hiyo usinifiche. Mama alikuweka barazani, akaenda kwenye mpunga. Atupele, mke wa kaka, akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, hajui kama uko nje. Na wewe, ambaye hujasimama peke yako tangu kiharusi kikupige, ukataka kuinuka ukimbilie ndani ili usikutane na mkweo. Ukaenda kifudifudi kwenye jamvi la kuanikia kakao. Naye, mwanamke anayejitwika gunia la mpunga bila kuomba msaada, akakupa mgongo, akajifunika kanga kichwani, akaanza kuita majirani. Ukalala hapo na kakao shavuni mpaka jirani yetu shemasi akatoka shambani kwake, akakuinua. Mkwe mwenye adabu, baba mwenye heshima, na mtu yuko chini.

Najua mwiko wa mkwe. Nimelelewa nao. Nilimwona Bibi akikata njia kwenye migomba ili asikutane na mkwewe, na hakuna aliyemcheka. Sisemi ni upuuzi. Nasema Mama anaumwa mgongo kwa kukuinua peke yake. Kaka Ambakisye yuko mpakani Kasumulu na malori ya mizigo ya watu, anarudi nyumbani siku za mapumziko tu. Mtu pekee mwenye nguvu hapo nyumbani ndiye anayekupikia kila siku, na ndiye asiyeruhusiwa kukushika.

Halafu yule dada wa mazoezi wa hospitali ya wilaya alipokuja kukufundisha kuchezesha mguu, ukamwambia nini? Mama kaniambia. "Ndaga fijo, mwanangu, lakini Tusekile wangu anasomea kazi hiyohiyo. Nitamsubiri." Baba, sijasomea chochote. Wameniita kuhojiwa tu. Wewe umeshanipa kazi, na nadhani kanisa zima limeshaniita daktari.

Jioni ya siku ile Mama alipopiga, Bi Rehema akaniuliza, "Mgonjwa anahitaji mazoezi, lakini hataki kuguswa. Utafanyaje?"

Nikasema nitamwelimisha.

"Ameelimika. Bado hataki."

Nitamweleza madhara yake.

"Anayajua."

Nikapandisha sauti nikasema basi mgonjwa huyo ni mkaidi, abaki na ukaidi wake. Bi Rehema akaweka kisu chini.

"Hapo chuo umekikosa," akasema. "Huyo mgonjwa wako anaitwa nani?"

Nikalia juu ya mchicha wake kama mtoto. Aliniacha nilie, akasogeza sufuria tu. Nilipotulia akasema, "Tangu uanze unamwambia, unamwambia. Hujamuuliza hata mara moja."

Kwa hiyo nakuuliza, Tata, na siulizi kwa ajili ya chuo. Ni nani utakubali akushike? Shemasi akija asubuhi kabla ya kwenda shamba, utamkubali? Yule dada wa hospitali je, nikimwomba arudi? Na kama Atupele akichimbia nguzo na kufunga mianzi ya kujishikia, kutoka mlangoni mpaka barazani, wakati wewe umelala na mlango umefungwa, utaishika? Hamtaonana. Sijui kama wazee wataona ni sawa, wewe ndiye unajua. Niambie, na ukisema hapana, niambie pia ni hapana ya nini. Naogopa ni aibu ya kushikwa kama mtoto ndiyo inayokuzuia, na mwiko unaupa lawama.

Msalimie Mama, umwambie akikuinua apinde magoti, asipinde mgongo. Msalimie Ambakisye. Ananishauri niwaelezee wasaili ugonjwa wako ili wanionee huruma. Mwambie ashughulike na malori. Shemasi mwambie ndaga fijo, namshukuru sana kwa kukuinua. Wifi Atupele nitamsalimia kupitia Mama, kwa kuwa najua wewe hutamfikishia. Simlaumu, ila naye nimemkasirikia kidogo.

Na tafadhali, usinisubiri mimi. Hata wakinichukua, kusoma ni miaka, na mguu hauwezi kukaa miaka bila kazi. Ukinisubiri, nitarudi Mwaya najua kila kitu kuhusu kutembea, na wewe hutaweza tena.

Nipigie mwenyewe. Hata kunigombeza, nipigie.

Binti yako anayekupenda na kukukasirikia,
Tusekile