Nguzo Uliyoiamkia

Mamangu mpenzi,

Watu wa mtaani kwetu Malindi hawajaacha kukucheka, nami ni wa kwanza wao. Wanakumbuka ulivyoiamkia nguzo ya stima pale kona ya msikiti: "Shikamoo, mwalimu." Nilikuvuta buibui nikakwambia si mtu. Ukanijibu, "Haidhuru. Heri niamkie nguzo kuliko nimpite mtu kimya, aseme nina kiburi."

Hukuona mbali, mama, lakini hilo halikukutoa adabu. Na ulipoketi mkekani ukaileta kofia unayoishona karibu na pua, hapakuwa na mkono kama wako. Vitobo vidogo, vimelingana, uzi hauonyeshi ulikoanzia. Nilikustaajabia, na bado nakustaajabia.

Macho hayo nimeyarithi. Miwani naivua nikishona, kisha natoka nikiisahau. Juzi juzi nilimpita wifi yangu sokoni kimya, akaninunia. Ndipo nikaenda Mombasa kwa daktari wa macho, binti mpole, akanieleza habari za leza, mwanga wa kurekebisha macho. Njia moja, kioo cha mbele cha jicho hukatwa kifuniko chembamba, kikafunuliwa, leza ikachonga ndani, kikarudishwa. Kesho yake waona. Nyingine haikati. Hukwangua utando wa juu tu, nao huota upya. Utaumwa siku kadhaa na kuona kutachelewa, lakini hapana kifuniko cha kuja kusogea. Kioo changu ni chembamba, kwa hivyo ilinifaa hiyo ya pili. Nikasema sawa, mvumilivu hula mbivu.

Kisha akaniuliza kazi yangu.

"Nashona kofia, kama mamangu."

Akasema, "Dada, kwa umri wako jicho hushindwa kuona mbali na karibu pia. Tukiyarekebisha yote mawili utaona mbali, lakini sindano utaivalia miwani."

Moyo ulinishuka. Kuona karibu ndio urithi ulioniachia.

"Haiwezekani moja tu?" nikamwuliza.

Akacheka, akasema yawezekana, wapo wafanyao hivyo. Kwanza alinijaribisha kwa lenzi ya kuvaa jicho moja, aone kama nitapata kizunguzungu. Sikupata, basi akalitia leza la kulia peke yake.

Sasa jicho la kulia laona hadi mwisho wa barabara. La kushoto ni lako bado. Nashonea hilo, na vitobo vimelingana.

Jana nilipita kona ya msikiti. Nguzo niliiona tangu mbali, wazi kabisa, na namba yake. Nilipoifikia, niliiamkia.

Mola akulaze pema, mama.

Kitinda mimba wako