Krimu ya Bosi

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki tena. Bosi, mwanangu wa mwaka na nusu anayetutuma sote, amemkojolea daktari wa upasuaji koti lake jeupe. Tundu lake la mkojo liko upande wa chini, si kwenye ncha, kwa hiyo hata daktari hakujua akwepee wapi. Akacheka. Hilo ndilo atakalorekebisha, akasema, ila si sasa. "Mama, hata fundi cherehani hashoni kitambaa kikiwa haba." Kwanza krimu ya homoni ya kiume, wiki chache, ngozi ikue itoshe. Nipake kidogo, nivae glovu, isimguse mtu mwingine.

Nyumbani mama mkwe kauliza tyubu ya nini. Ya vipele, nikasema. Mume wangu akatazama dari. Tumekubaliana asijue — akijua yeye, ukoo mzima umejua.

Jumapili, 10 Machi
Bosi anakula kama mpasua mbao. Leo kamrushia baba yake kiatu. Daktari alituonya: anaweza kuwa mkali kidogo, dawa ikiisha atatulia. Mama mkwe anasema vipele havijawahi kumpandisha mtu hasira. Nikajitia kuosha vyombo vilivyo safi.

Jumamosi, 23 Machi
Tyubu inaisha mbio. Nilimshuku mume wangu, maana ndevu zake zimegoma tangu ujana. Nikamchunguza kidevu wakati anakunywa chai. Jangwa lile lile.

Kumbe. Nimepeleka nguo chumbani kwa mama mkwe, nikamkuta kitandani, sketi juu ya magoti, anasugua.

"Hii dawa yako ya vipele, mwanangu — siku hizi napanda ngazi sishiki ukuta."

Nikakaa. Nikasema yote. Homoni ya kiume, Mama. Akajishika kidevu. Halafu akacheka mpaka kitanda kikalia. Na mimi nikalia. Sikujua hofu ya kisu ilikuwa imenijaa hivyo.

Akanivuta kwapani kwake. "Unadhani baba yake Bosi nilimwogesha nimefumba macho? Naye alizaliwa hivyo hivyo. Walimpasua hajajua hata kusema. Mbona leo ni baba wa mtu?"

Yeye mwenyewe anajua? nikauliza.

"Nimwambie nini? Mtu anayezimia akikatwa kucha."

Jumatatu, 25 Machi
Nimempigia daktari. Nahisi alikuwa anaziba mdomo asicheke. Bibi aache, anawe vizuri, na akiona mabadiliko yoyote aje. Bosi apate tyubu mpya. Hii naificha chini ya nepi. Mama mkwe kanuna: magoti yake hayana mtetezi.

Jumanne, 7 Mei
Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Jana daktari alimkagua Bosi, karidhika. Asubuhi nesi kambeba, naye akatupungia mkono kama anakwenda kazini. Mlango ukafungwa.

Mume wangu hakai. Anakwenda, anarudi, uso kama unga. Anajilaumu: labda ni kazi yake ya rangi na dawa za mbao, labda tulikosea mahali, mbona mwanawe tu. Mama mkwe anatafuna karanga kwa utulivu. Hilo limemuudhi.

"Mama, huogopi? Umeona wapi mtoto wa hivi akapona?"

Mama mkwe kaacha kutafuna. Kanitazama mimi.

"Mwambie akae chini kwanza," kasema.

Nimemsogezea nafasi. Hajakaa. Anatutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha zipu yake mwenyewe, na — naweka kalamu, anaanguka.